Kurudishia Nini? Historia ya Istilahi za Ukomo wa Hedhi na Tiba Yake ya Homoni

Siku moja alifika ofisini kwetu mama mmoja mkunga, aliyetumikia zahanati na hospitali kwa miaka mingi, akiwa na kijitabu cha maelezo ya afya kilichofasiriwa kutoka Kiingereza. Baada ya mimi kumwamkia naye kuniitikia marahaba, alikifungua kijitabu mezani, akaweka kidole chini ya maneno "tiba mbadala ya homoni", akaniuliza: "Mwanangu, hii ni tiba ya hospitali au ya miti shamba?" Nilipomjibu kwamba ni ya hospitali, alinieleza habari iliyomleta. Mwanamke mmoja wa umri wa miaka 47, ambaye hedhi yake ilikuwa imeanza kuruka miezi na usingizi wake ukakatizwa na jasho la usiku, alipewa kijitabu hicho akakisome nyumbani. Alisoma, akaelewa kama ambavyo Mswahili yeyote angeelewa, kisha akaenda sokoni kununua mizizi.

Kosa la mfasiri ni rahisi kulionyesha. Katika Kiswahili cha leo "tiba mbadala" ni jina la tiba zote zisizo za hospitali: za asili, za mitishamba na nyinginezo. Jina hilo limekwisha kupata mwenyewe. Mfasiri alikuta katika Kiingereza neno "replacement", akafungua kamusi, akaona "badala", akaridhika. Ningeweza kuandika hivyo katika jalada na kulifunga. Walakini nilipoanza kutafuta neno la kuweka mahali pa lile lililokosewa, niligundua kwamba ugumu haukuanzia kwa mfasiri wetu. Neno lenyewe la Kiingereza limekuwa na ugomvi huko kwao kwa zaidi ya miaka 20, na wengi wa wanaoifahamu tiba hiyo wameliacha. Haiwezekani kulifasiri vyema bila kujua lilizaliwaje na lilibeba madai gani. Makala haya ni matokeo ya upekuzi huo.

Majina ya ukomo

Neno litumikalo leo katika lugha nyingi za Ulaya kwa ukomo wa hedhi si la kale kama wengi wadhanivyo. Lilibuniwa na daktari Mfaransa, Charles de Gardanne. Katika kitabu chake cha mwaka 1816 alitumia umbo "ménespausie". Katika toleo la 1821 akalifupisha likawa "ménopause", kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya mwezi na kusita. Kabla ya hapo waganga wa Ulaya walizungumza juu ya "umri wa hatari", au walitumia neno jingine la Kigiriki lenye maana ya kidato cha ngazi, kwa itikadi kwamba maisha ya binadamu ni ngazi, na kwamba kila baada ya miaka kadhaa kuna kidato ambacho mtu akikikanyaga vibaya huanguka.

Hapa yafaa tujipongeze kidogo. De Gardanne alilazimika kwenda Ugiriki kuazima kile ambacho bibi zetu walikuwa nacho nyumbani, kwani mwanamke wa Kiswahili husema yuko mwezini, na mwezi wake ukikoma husema umekoma. Neno "hedhi", ambalo ndilo la adabu na la maandishi, ni la Kiarabu, nalo limehusiana sana na fikihi. Na katika fikihi ukomo wa hedhi ni jambo la hukumu, maana eda ya mwanamke aliyeachwa huhesabiwa kwa mizunguko ya hedhi yake, na ya yule ambaye hedhi yake imekoma huhesabiwa kwa miezi, nayo ni mitatu. Waarabu huuita umri huo umri wa kukata tamaa, yaani tamaa ya kuona hedhi na kuzaa. Kiswahili kilichukua hedhi, kikachukua na eda, lakini jina hilo la kukata tamaa hakikulichukua, nami naona kilifanya vyema.

Kwa hiyo dhana ya ukomo haitusumbui. Kinachotusumbua ni kile kipindi kinachouzunguka, ambacho kwa Kiingereza hupewa kiambishi cha Kigiriki chenye maana ya "kandokando". Katika ripoti ya mwaka 1996 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walikieleza hivi: ni muda ule wa karibu na ukomo ambapo dalili zake huanza kuonekana, pamoja na mwaka wa kwanza baada ya hedhi ya mwisho. Ukomo wenyewe ni nukta moja tu, yaani hedhi ya mwisho. Na nukta hiyo haijulikani ilikuwa lini mpaka miezi 12 iwe imepita bila damu na bila sababu nyingine. Mwanamke huutambua ukomo kwa kutazama nyuma. Mwaka 2001 wataalamu walikutana Marekani wakaugawa muda huo katika hatua, na mgawo wao ukasahihishwa kwa mkutano wa 2011. Lakini ule msingi wa miezi 12 ulibaki.

Vijitabu vyetu vimekiita kipindi hicho "kabla ya kukoma hedhi", "kuelekea kukoma hedhi", hata "dalili za kukoma hedhi". La kwanza linauacha nje mwaka unaofuata. La tatu linachanganya kipindi na mambo yatokeayo ndani yake. Nadhani hatukuwa na haja ya kwenda mbali hivyo, maana sarufi yetu yenyewe hutupa tofauti inayotakiwa. Kitenzi-jina "kukoma" huonyesha jambo likiendelea kutendeka; nomino "ukomo" huonyesha mwisho wake. Basi kipindi cha kukoma hedhi ni ile miaka ambayo hedhi iko katika kukoma, inakuja na kuruka, inazidi na kupungua, hadi ihakikishwe kwamba haitarudi. Na ukomo wa hedhi ni ile nukta. Miaka ifuatayo ni baada ya ukomo. Tofauti hii mtu hahitaji kufundishwa, ataisikia mwenyewe.

Kutoka tezi hadi kidonge

Mwaka 1889 mjini Paris, mtaalamu wa elimu ya mwili Charles-Édouard Brown-Séquard, akiwa na umri wa miaka 72, aliwatangazia wenzake kwamba alikuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama, na kwamba nguvu za ujana zilikuwa zimemrudia. Wenzake walicheka, na walikuwa na haki, kwani maji hayo hayakuweza kuwa na dawa ya kutosha kumfanyia kitu. Lakini wazo lake lilikuwa na mbegu ya kweli: kwamba tezi za mwili humwaga katika damu vitu vinavyotawala viungo vilivyo mbali nazo. Katika miaka ya 1890 madaktari wa Ujerumani na Austria walikuwa wakiwapa ovari za wanyama wanawake waliokatwa ovari zao wenyewe na kusumbuliwa na joto na jasho.

Ziangaliwe hali za wagonjwa hao wa mwanzo, maana ndizo zilizozaa neno. Hao walikuwa wamenyang'anywa kiungo kwa kisu, wengine wakiwa vijana. Kumpa mtu kama huyo kile ambacho ovari zake zingemletea ni kumrudishia kitu alichopoteza, kama vile wagonjwa wa tezi ya shingo walivyokuwa wameanza kupewa dawa iliyotengenezwa kwa tezi ya kondoo. Kwao neno "kurudishia" lilikuwa na haki kamili, na linayo hadi leo. Taabu ilikuja baadaye, neno lilipohamishwa kutoka kwa hao likapelekwa kwa kila mwanamke aliyefikia umri.

Mwaka 1905, katika mihadhara aliyoitoa London, Ernest Starling alivipa vitu hivyo jina la "homoni", kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Wasomaji wa jarida hili watakumbuka mabishano baina ya wapendao "homoni" na wapendao "kichocheo". Kwa upande wa maana, "kichocheo" ni tafsiri aminifu kabisa ya neno la Starling. Lakini wanakemia wetu hulitumia neno hilo hilo kwa kitu kinachoharakisha mmenyuko, na walimu wa biolojia wamewahi kulitumia kwa vimeng'enya. Katika kijitabu cha mgonjwa neno lenye maana tatu ni hatari, na kwa sababu hiyo nashikilia "homoni".

Homoni ya ovari ilipatikana ikiwa safi mwaka 1929, Marekani kwa kazi ya Edward Doisy na Ujerumani kwa kazi ya Adolf Butenandt, kila mmoja kwa njia yake. Jina la jamii yake, estrojeni, limetokana na neno la Kigiriki la nzi mkubwa anayewauma ng'ombe hadi wakakimbia ovyo. Jina lililotolewa kwa kufikiria wanyama wa kike wanaotaka dume. Ni bora mtu asiwafasirie wanawake asili hiyo. Mwaka 1930 Bernhard Zondek alionyesha kwamba mkojo wa farasi jike wenye mimba umejaa homoni hiyo. Kutokana na mkojo huo kampuni ya Ayerst ya Kanada ilitengeneza kidonge kilichouzwa huko mwaka 1941 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1942. Jina lake, Premarin, limeundwa kwa silabi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkojo wa farasi jike wenye mimba. Mamilioni ya wanawake walilimeza jina hilo pamoja na kidonge bila kujua maana yake.

Ukomo wageuzwa ugonjwa

Kwa zaidi ya miaka 20 kidonge hicho kilitolewa kwa kiasi, kwa muda, na kwa ajili ya dalili: joto la ghafla, jasho, kukosa usingizi. Mambo yalibadilika mwaka 1966, daktari wa New York aitwaye Robert Wilson alipochapisha kitabu ambacho jina lake liliwaahidi wanawake uke wa milele. Wilson alifundisha kwamba ukomo wa hedhi si hatua ya maisha bali ni ugonjwa wa upungufu, akaufananisha na kisukari: kama mgonjwa wa kisukari apewavyo insulini, ndivyo mwanamke apewe estrojeni, na si kwa mwaka mmoja au miwili, bali hadi kufa kwake. Alivyowaeleza wanawake waliokosa dawa hiyo hakufai kurudiwa katika jarida la heshima. Ilikuja kujulikana kwamba shughuli zake zilisaidiwa kwa fedha za watengenezaji wa dawa.

Msomaji aone jinsi neno lilivyofanya kazi. Ukishasema "kurudishia", umekwisha kusema kwamba kuna kilichopungua. Ukisema kimepungua, umekwisha kusema kwamba kiwango cha msichana wa miaka 25 ndicho kipimo cha haki cha mwanamke wa miaka 60. Na baada ya hapo daktari hana kazi ya kuthibitisha kwamba dawa inafaa, bali mwanamke ndiye mwenye kazi ya kueleza kwa nini aikatae. Mabishano yote yamo ndani ya jina, na aliyelikubali jina amekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 kidonge kile kilikuwa miongoni mwa dawa zilizoandikwa zaidi nchini Marekani.

Tarehe 4 Desemba 1975 jarida la tiba la New England lilichapisha uchunguzi wa aina mbili, mmoja wa Seattle na mwingine wa Los Angeles. Wanawake waliotumia estrojeni walionekana kupata saratani ya utando wa ndani wa mji wa mimba mara kadhaa zaidi ya wasiotumia. Mara nne na nusu katika uchunguzi mmoja, zaidi ya mara saba katika wa pili. Sababu haikuwa ngumu kueleweka. Estrojeni huukuza utando huo, na mwilini hudhibitiwa na homoni ya pili, projesteroni. Tangu hapo ikawa kanuni, na ni kanuni hadi leo, kwamba mwanamke mwenye mji wa mimba hapewi estrojeni ya mwili mzima peke yake, ila pamoja na projestojeni. Kwa miaka mingi projestojeni iliyotumika zaidi Marekani ilikuwa medroksiprojesteroni, ambayo kwa kipimo kingine na kwa kazi nyingine wanawake wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu: ndiyo dawa iliyomo katika sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango.

Kidonge kikajitetea kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1980 uchunguzi wa kufuatilia wanawake, mkubwa wao ukiwa ule wa wauguzi wa Marekani ulioanza 1976, ulielekea kuonyesha kwamba watumiaji wa homoni walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache zaidi. Basi "kurudishia" kukapata maana mpya: si dalili tena, bali kinga ya moyo na mifupa. Waliotilia shaka walisema kwamba huenda wanaotumia dawa hizo ndio wenye uwezo, wenye elimu na wenye afya tangu mwanzo. Njia ya kukata shauri ilikuwa moja, nayo ni kuwagawa wanawake kwa kura.

Mwaka 2002 na hesabu zake

Uchunguzi huo wa kura, ulioanzishwa mwaka 1991 na serikali ya Marekani, ulikuwa na wanawake 16,608 wenye mji wa mimba katika sehemu yake ya homoni mbili. Nusu yao hivi walimeza estrojeni ya farasi pamoja na medroksiprojesteroni, na waliobaki wakameza kidonge kisicho na dawa. Ulipangwa uchukue miaka minane na nusu. Mwezi Julai 2002 ulisimamishwa baada ya wastani wa miaka 5.2, kwa sababu madhara yalikuwa yamezidi faida.

Magazeti ya dunia yalitangaza kwamba saratani ya matiti ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 26. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi, nayo iliwatisha watu kuliko ilivyostahili, na hapa nawaomba wafasiri wasimame nami kidogo. Katika kila wanawake 10,000 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, wale waliomeza kidonge kitupu walipata saratani ya matiti 30. Waliomeza homoni walipata 38. Tofauti ni wanawake wanane katika 10,000 kwa mwaka. Asilimia 26 ni ya wale 30, si ya wanawake wote. Lakini sentensi ya Kiswahili isemayo "hatari huongezeka kwa asilimia 26" husomwa na watu wengi kwamba wanawake 26 katika 100 wataugua. Nimewajaribu kwa sentensi hiyo watumishi kadhaa wa ofisi za serikali, wote wenye elimu, na zaidi ya mmoja aliisoma hivyo. Mfasiri wa habari za afya asiiandike asilimia ya namna hiyo bila kuweka kando yake idadi ya watu.

Kwa hesabu hiyo hiyo, mashambulio ya moyo na vifo vyake vilikuwa 37 dhidi ya 30, kiharusi 29 dhidi ya 21, na damu iliyoganda mishipani ikaongezeka maradufu. Kwa upande wa faida, kuvunjika kwa nyonga kulikuwa 10 dhidi ya 15, na saratani ya utumbo mpana 10 dhidi ya 16. Ile ahadi ya kinga ya moyo ilivunjika. Katika nchi nyingi wanawake waliacha dawa, na madaktari wakaacha kuiandika, hata kwa wale ambao dalili ziliwatesa.

Lakini jambo moja lilipotea katika makelele hayo. Wanawake wa uchunguzi ule walikuwa na umri wa miaka 50 hadi 79, na wastani wao ulikuwa miaka 63. Wengi walikuwa wamekoma hedhi miaka mingi kabla ya kumeza kidonge cha kwanza. Majibu yao yakasomewa mwanamke wa miaka 47 ambaye hedhi yake bado ilikuwa ikija na kuruka. Mwaka 2007 watafiti wale wale walirudia hesabu kwa kufuata umri, na wakaona kwamba hatari ya moyo ilielekea kuwa ndogo kwa walioanza karibu na ukomo na kubwa kwa walioanza wakiwa wamechelewa. Kadhalika wanawake waliokwisha kuondolewa mji wa mimba na kupewa estrojeni peke yake, ambao uchunguzi wao ulisimamishwa mwaka 2004 kwa sababu ya kiharusi, walionekana baada ya ufuatiliaji mrefu uliochapishwa mwaka 2020 kuwa na saratani ya matiti pungufu, si zaidi.

Kwa hiyo shauri la leo si lile la 1966 wala la 2002. Taarifa ya mwaka 2022 ya chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi wa Amerika Kaskazini inasema kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajafikisha miaka 10 tangu ukomo, na asiye na kizuizi, faida za tiba kwa dalili za joto na kwa mifupa kwa kawaida huzidi hatari zake. Vizuizi navyo vinajulikana: kuwahi kuwa na saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda mishipani, ugonjwa mkali wa ini, na damu ya ukeni ambayo sababu yake haijachunguzwa. Estrojeni ipitayo kwenye ngozi kwa kibandiko au jeli huelekea kuwa na hatari ndogo zaidi ya kugandisha damu kuliko ya kumeza. Novemba 2025 wakuu wa afya wa Marekani walitangaza kwamba onyo kali lililobandikwa kwenye dawa hizi tangu uchunguzi wa 2002 litaondolewa kwa sehemu kubwa, ila lile la saratani ya utando wa mji wa mimba kwa estrojeni ya mwili mzima itolewayo peke yake.

Istilahi tunazozihitaji

Wataalamu walipoanza kuacha neno "kurudishia", hawakuwa wakitafuta urembo wa lugha. Katika kipindi cha kukoma hedhi, homoni hazipungui kwa mteremko mmoja kama maji ya mtungi uliotoboka. Hupanda na kushuka; yako majuma ambayo estrojeni ya mwanamke wa miaka 46 hupita ile aliyokuwa nayo akiwa kijana, na yako ambayo hushuka chini ghafla. Kumwambia huyo kwamba anarudishiwa kilichopungua ni kumwambia jambo ambalo siku hiyo huenda si kweli. Tena dawa apewayo hairudishi viwango vya ujana. Hutolewa kwa kipimo cha kutuliza dalili. Wala haizuii mimba, na mwanamke ambaye hedhi yake inaruka bado anaweza kushika mimba. Nimeambiwa na wakunga zaidi ya mmoja kwamba hilo la mwisho ndilo wanawake wanaloshangaa kuliko yote, na jina "kurudishia", au mbaya zaidi "mbadala", haliwasaidii kulijua.

Kwa sababu hizo napendekeza tuseme "tiba ya homoni wakati wa kukoma hedhi" kwa yule ambaye hedhi yake iko katika kukoma, na "tiba ya homoni baada ya ukomo wa hedhi" kwa aliyekwisha kuvuka. Kwa kifupi, "tiba ya homoni" itatosha pale ambapo mada imekwisha kutajwa. Lakini isitajwe hivyo bila maelezo katika karatasi za wodi ya saratani, ambako tiba ya homoni mara nyingi ni ya kuzizuia homoni, kinyume kabisa. Yapo mawili ya kuachwa kama yalivyo. Mwanamke aliyekatwa ovari zake, au ambaye ovari zimeacha kazi kabla ya miaka 40, kwa hakika anarudishiwa, na neno litumike kwake. Tena mfasiri wa maandishi ya zamani asimsahihishe mwandishi. Wilson aliposema kurudishia alimaanisha kurudishia, na msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuliona dai hilo likiwa wazi. Wako pia Waingereza, ambao katika hospitali zao wanaendelea na jina la zamani. Nyaraka zao zikifasiriwa, jina lao litajwe mara moja kisha letu liendelee.

Kuna jambo jingine ambalo si la istilahi peke yake. Katika nchi yetu saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake, na dalili yake moja ni damu isiyo ya kawaida. Kijitabu alichokileta yule mama kilisema, katika ukurasa wa pili, kwamba "kutokwa damu ovyo ni hali ya kawaida ya umri huu". Asili ya Kiingereza, niliyoiomba na kuipata, ilisema kwamba hedhi huweza kubadilika, na kwamba damu nyingi mno, damu baina ya hedhi na hedhi, damu baada ya kujamiiana, au damu yoyote baada ya miezi 12 ya ukomo, sharti ichunguzwe. Sentensi nne zilikuwa zimefinywa zikawa moja. Nilimwonyesha. Alivua miwani yake, akainyamazia karatasi ile kwa muda, kisha akaniuliza nakala ngapi zilikuwa zimepigwa chapa.

Marekebisho yalifanyika, na kijitabu kipya kinasema "tiba ya homoni wakati wa kukoma hedhi". Neno moja bado halijapata suluhu. Lile joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, likaondoka na kuacha jasho, limeandikwa kwa majina mengi: "vipindi vya joto", ambalo husikika kama utabiri wa hali ya hewa, "joto la ghafla", ambalo laweza kuwa homa, na "mwako", ambalo nalipenda lakini mafundi wa injini wamelitangulia. Yule mama anasema wanawake kwake husema tu kwamba moto umewapanda. Wasomaji walio karibu na zahanati, na walimu walio na mama zao vijijini, wanaombwa kuwauliza na kutuandikia wanasemaje huko kwao.